Muziki wa chupa na makopo si sababu ya kunyima wanamuziki kashe yao

Mwezi wa saba mwaka 2024 kundi la KOKOKO! la Kinshasa lilitoa albamu yake ya pili. Inaitwa BUTU, yaani usiku kwa Kilingala. Ya kwanza, Fongola, maana yake ufunguo, ilitoka 2019. Magazeti ya Ulaya yanasifu, na muziki huo wanauita panki ya Kinshasa. Mimi pia nimeupenda. Lakini leo siandiki kwa ajili ya kusifu albamu. Tangu itoke nimesikia mara tatu, mara mbili kwenye mikutano na mara moja kwenye simu, watu wenye ofisi hapa Goma wakilitumia kundi hili kama fimbo ya kuwachapia wanamuziki wetu. Maneno ni yale yale: "Ona vijana wa Kinshasa, wanapiga chupa na makopo, hawana kitu, na dunia nzima inawajua. Ninyi mnadai kashe ya nini?"

Ndugu wasomaji na wasikilizaji, neno hili ni baya na ninataka kulijibu mpaka liishe.

Kwa wale ambao hawajawasikia KOKOKO!, na najua ni wengi, maana kambini simu yenye mega hupatikana kwa bahati: kokoko ni sauti ya mtu anayegonga mlango. Sisi huku tungesema hodi. Walianzia mtaa wa Ngwaka. Vyombo vyao wanavitengeneza wenyewe kwa chupa za plastiki, makopo, vipande vya gari na vyuma vilivyotupwa. Mwimbaji wao, Makara Bianko, hana ile sauti ya rumba ya kubembeleza. Anaita, anafoka, anarudia neno moja mpaka neno lenyewe linakuwa ngoma. Yupo naye Xavier Thomas, Mfaransa anayejulikana kwa jina la Débruit, ambaye anashughulika na mashine. Kwenye BUTU wameingiza kelele za usiku wa Kinshasa, mji usiolala, kila baa na kila kanisa na bafle zake. Niliisikiliza usiku, sauti ikiwa chini, kwa sababu usiku wetu ni mwingine. Hapa mtu anatega sikio ajue kama ni radi ama ni bomu, hasa tangu mabomu yaangukie kambi za Lac Vert na Mugunga mwezi wa tano 2024.

Na hilo neno panki, ili tusilumbane bure: lilianza miaka ya 1970, New York na London. Walikuwa vijana ambao wengi hawakuwa na pesa ya studio kubwa wala subira ya kujifunza gitaa miaka kumi. Wakasema tutapiga hivi hivi tulivyo, tutatoa santuri wenyewe, tutabandika matangazo ukutani wenyewe. Waliyakasirikia makampuni makubwa ya muziki. Lakini sijasoma popote kwamba walimwambia mwenye ukumbi akae na pesa zao za mlangoni.

Sasa turudi kwenye zile chupa.

Mtu wa ofisi akiona kopo linapigwa, anaona umaskini unaocheza. Anafurahi, kwa sababu umaskini unaocheza haumdai kitu. Haoni kazi. Kopo halitoi sauti nzuri kwa sababu ni kopo. Mtu amelichagua kati ya makopo ishirini, amelikata, amelifunga waya, ameukaza waya, ameusikiliza, ameulegeza, amelitupa, ameanza na lingine. Siku ya tatu limepasuka kwenye mazoezi na imebidi atengeneze jingine lenye sauti ile ile. Anayenunua gitaa dukani amepunguziwa kazi hiyo. Asiye na pesa ya duka anaifanya yote kwa mikono yake. Kwa hiyo mpiga chupa anafanya kazi mbili, ya fundi na ya mwanamuziki. Kwenye albamu hii ya pili kuna wimbo unaoitwa Motoki. Motoki ni jasho.

Na wasisahau kitu kingine wanapotutolea mfano. KOKOKO! wana lebo, Transgressive, ya London. Lebo maana yake ni mkataba wenye saini. Tamasha la Ulaya linapowaita linakubaliana nao bei, linalipa tiketi ya ndege, linatafuta mahali pa kulala, linaandika saa ya kupanda jukwaani na saa ya kushuka. Vilevile kwa Fulu Miziki, kundi jingine la Kinshasa, ambao jina lao maana yake ni muziki wa takataka na wanavaa mavazi waliyoyashona kwa vitu vilivyotupwa. Mtu anayetaka wanamuziki wa Goma wawe kama KOKOKO! aanze na mkataba. Chupa tutazitafuta wenyewe, hapa hazikosi.

Nitawapa hesabu ya arusi moja, maana watu wanasema wanamuziki wa bandi wanakula pesa nyingi. Kundi ninalolijua lina watu sita. Mwaka huu walipiga kwenye arusi moja, kashe dola 100. Kukodi sono, dola 40. Petroli ya jenereta, kwa sababu umeme ulikatika kama kawaida, dola 10. Motari kwa watu sita na vyombo vyao, kwenda na kurudi, dola 12. Nyuzi mpya na kurekebisha maiki, dola 6. Zimebaki 32. Gawanya kwa sita: kila mtu dola 5 na senti kidogo, kwa kazi iliyoanza saa nane mchana mpaka usiku, kisha kulala juu ya viti vya ukumbi mpaka alfajiri kwa sababu usiku usalama haupo njiani. Siku nne za mazoezi sijazihesabu. Hao ndio wenye bahati, waliolipwa siku ile ile. Kuna baba wa bibi arusi ambaye hadi leo akiona mpiga besi barabarani anavuka upande wa pili.

Hao ni watu wenye nyumba. Sasa nizungumze juu ya wenye hema.

Mpiga gitaa mmoja, jina lake nalihifadhi, alitoka Rutshuru mwezi wa kumi 2022 wakati M23 walipoingia. Alikuwa na gitaa mbili na ampli moja. Alifika Kanyaruchinya na mtoto mgongoni, mke wake na sufuria na godoro, na gitaa moja. Ampli ilibaki. Gitaa lile leo lina nyuzi nne, na anajua kupiga nyimbo zake zote kwa nyuzi nne, jambo ambalo nina hakika mtu wa ofisi atalisifu sana akilisikia. Mwaka jana shirika moja lilimtafuta. Walitaka wimbo juu ya kipindupindu: kunawa mikono, kuchemsha maji, kutojisaidia ovyo kwenye mawe. Alitunga kwa Kiswahili na Kinyarwanda, akawafundisha wasichana watatu wa kambini kuitikia, wakarekodi kwa siku mbili. Wimbo ukatoka mzuri. Watoto waliushika mara moja. Gari lenye mabafle likazunguka nao kambi kwa kambi kwa wiki nyingi.

Dereva wa gari lile alilipwa kila siku. Mwenye mabafle alilipwa. Aliyechapisha bango alilipwa, na aliyepiga picha za watu wakinawa mikono alilipwa vizuri. Mwenye wimbo alipewa fulana, fanta moja, na dola 5 za transpoti, ingawa hakwenda popote, walimkuta hemani kwake. Alipouliza juu ya kashe, alijibiwa kwa upole kabisa kwamba yeye ni mfaidika. Jina lake liko kwenye orodha ya wanaopewa unga, basi haliwezi kuwa kwenye orodha ya wanaolipwa. Taratibu haziruhusu.

Neno hilo mfaidika nimelibeba kichwani tangu siku hiyo. Lina maana kwamba vita vikikufukuza nyumbani, kazi yako nayo inafukuzwa. Ulikuwa mwalimu wa gitaa, sasa wewe ni kinywa cha kulisha. Unaweza kushika ndoo, kushika bango, kushika kipaza sauti mbele ya wageni, lakini mkono wako ukishika pesa ya jasho lako, karatasi fulani mahali fulani inaharibika. Na wasichana watatu walioitikia? Fulana. Moja ilikuwa kubwa mno, mama yake akaikata akashona nguo mbili za watoto. Huo ndio ufaidikaji niliouona kwa macho.

Najua majibu yatakayokuja, mengine yamekwisha kuja. La kwanza: tuko vitani, watu wanalala juu ya mawe ya volkano chini ya maturubai, na wewe unazungumzia gitaa? Ndiyo, nalizungumzia. Kama muziki ungekuwa kitu cha starehe tu ambacho vita vinakiweka pembeni, hao wenye mashirika wasingeuhitaji kila wiki. Wanauhitaji kwa kipindupindu, kwa chanjo, kwa ubakaji, kwa mabomu yaliyotegwa, kwa siku ya wanawake, kwa siku ya mtoto wa Afrika, kwa siku ya wakimbizi. Hawawezi kufungua mkutano bila ngoma. Wamekubali wenyewe kwamba wimbo unafika mahali ambapo karatasi haifiki. Kitu wasichokikubali ni bei yake tu.

La pili: tunawatangaza, watu watawajua. Mwenye nyumba wa mtaa wa Katoyi hapokei kujulikana. Mwenye duka la nyuzi hapokei. Na utangazaji wenyewe uko wapi? Katika ile video ya shirika, jina la shirika lilionekana mwanzoni na mwishoni, jina la mfadhili lilionekana, jina la mtunzi wa wimbo halikuonekana.

La tatu linatoka kwa watu wa kanisani, na hawa nawaheshimu: sauti ni kipawa cha Mungu, usikiuze. Sawa. Anayeimba kwaya Jumapili anaimba kwa Mungu wake na hakuna anayemdai risiti. Lakini sijaona daktari akiambiwa mikono yake ni kipawa apasue bure. Na mchungaji akileta bandi kwenye kampeni ya injili ya siku tano yenye jenereta ya kukodi na mhubiri wa kupokelewa hotelini, basi mpiga ngoma wa siku tano naye ana watoto.

Wengine wanapenda kunitajia Staff Benda Bilili, kwamba nao walianza bila kitu. Haya, tuwatazame vizuri. Walikuwa wanamuziki wa barabarani wa Kinshasa, wengi wao walipoozwa na polio, wakitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizozitengeneza. Walifanya mazoezi kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa. Kijana wao Roger Landu alipiga satonge, chombo cha uzi mmoja juu ya kopo, ambacho ni cha kwake mwenyewe. Albamu yao Très Très Fort ilitoka 2009 kwa lebo ya Ubelgiji, Crammed Discs. Filamu juu yao ilionyeshwa Cannes mwaka 2010. Wakazunguka dunia. Katika albamu ile kuna wimbo unaoitwa Polio, unaowaambia wazazi wawapeleke watoto kwenye chanjo. Ndugu zangu wa mashirika, huo ni wimbo wa uhamasishaji, wa aina ile ile mnayoiomba. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewapa karatasi yenye ujumbe tano za kuingiza. Waliimba kutoka kwenye miguu yao, wakauweka katika albamu yao, kama kazi yao.

Halafu 2013 kundi likapasuka, kwa ugomvi wa pesa na usimamizi. Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki, sikuwa ndani. Natazama tu kwamba sifa za Cannes hazikuwazuia kugombana juu ya hesabu, kwa sababu sifa hazigawanyiki kwa watu wanane na pesa zinagawanyika. Anayesema "walianza bila kitu" aeleze na walivyomaliza. Kundi lisilo na karatasi za wazi tangu siku ya kwanza litavunjika siku pesa zikija, na hili nawaambia wanamuziki pia, si watu wa ofisi peke yao.

Maana wanamuziki nao nina neno nao. Libanga. Kwa wasiojua, libanga ni jiwe kwa Kilingala, na kutupa libanga ni kumtaja mkubwa ndani ya wimbo ili akulipe. Mwanasiasa, mfanyabiashara wa dhahabu, ofisa, bibi wa ofisa. Kuna nyimbo ambazo majina yamejaa mpaka mapenzi yenyewe yamekosa nafasi. Sina huruma sana na anayetaja majina arobaini kwa dakika saba. Lakini najua libanga lilitoka wapi. Santuri hazinunuliwi tena, redio hazilipi, baa hazilipi, basi mteja aliyebaki ni yule mkubwa mwenye koti. Mwanamuziki anakwenda kwa anayelipa. Mkiwanyima watu kashe halali, msishangae nyimbo zote zikiwa za kuwasifu wenye mali.

Kuimba kwa kuagizwa si aibu. Franco mwenyewe, na TPOK Jazz, mwaka 1973 walitoa wimbo Azda, na watu wanaucheza hadi leo kwenye arusi bila kujua kwamba ulikuwa tangazo la wauzaji wa magari ya Volkswagen. Mwaka 1987 huyo huyo Franco akaimba Attention na SIDA, kuonya watu juu ya ugonjwa ambao wengi waliogopa hata kuutaja. Mtu mmoja, tangazo la magari na onyo la ukimwi. Hakuwa mtakatifu, wazee wa Kinshasa watakueleza. Lakini alijua kwamba muziki ni kazi, na aliongoza hata UMUZA, umoja wa wanamuziki wa Zaire. Leo mpiga gitaa wa Goma akionewa, anakwenda kumlilia nani?

Kuna jambo la hatari zaidi katika hili la malipo. Mwezi wa kumi na moja 2021, tume ya kukagua nyimbo ilipiga marufuku Nini Tosali Te, wimbo wa vijana wa kundi la MPR la Kinshasa, ambao uliuliza viongozi maswali magumu juu ya hali ya inchi. Watu walipiga kelele na marufuku ikaondolewa haraka. Mwezi uliofuata, wa kumi na mbili 2021, UNESCO ikaiandika rumba ya Kongo kwenye urithi wa binadamu, na wakubwa wale wale wakavaa vizuri wakasherehekea muziki wetu kwenye televisheni. Haikupita hata miezi miwili kati ya mambo hayo. Nakumbuka nilisoma habari zote mbili kwa kipindi changu. Muziki ni urithi ukiwa umenyamaza. Ukiuliza swali, unatafutiwa karatasi ya ruhusa. Mwanamuziki anayelipwa na wasikilizaji wake anaweza kuuliza swali lake. Anayeishi kwa fulana na libanga ataulizia wapi?

Sasa redio. Nafanya kazi huko, na najua nitapigiwa simu kwa haya. Kuna vituo katika jimbo hili ambapo kijana akileta wimbo wake anaombwa matabishi ili upite. Dola 5, dola 10, kadi ya inite. Kwa sheria inapaswa kuwa kinyume: redio inapiga wimbo, redio inamlipa mtunzi kupitia shirika la haki za watunzi. Sheria ipo, ni ya mwezi wa nne 1986, na inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Inahusu redio, baa, hoteli, na lile gari la mabafle pia. Mtangazaji anayepokea matabishi analipwa na mtu ambaye yeye ndiye alipaswa kulipwa. Nimelisema hili kwenye chumba cha habari, na jibu lilikuwa kwamba watangazaji wenyewe hawajalipwa miezi minne. Ni kweli, hawajalipwa. Basi tudai pamoja, tusilane sisi kwa sisi.

Na intaneti haitatuokoa, kama wanavyosema vijana. Spotify inalipa sehemu ndogo ya senti kwa kila msikilizo, na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 kwa miezi 12 haulipwi kitu chochote. Fikirieni wimbo wa kipindupindu wa Kanyaruchinya. Umesikiwa na maelfu ya watu, wote kupitia bafle juu ya gari. Kwa Spotify wimbo huo haujasikiwa na mtu.

Ninachoomba si kikubwa. Shirika linaloandika bajeti ya kampeni liandike mstari wa mwanamuziki pale pale lilipoandika sono na petroli. Liandike mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye bei, siku, jina la mtunzi, na wimbo utatumika mpaka lini. Nusu ilipwe kabla. Kama taratibu zinasema mtu aliye kwenye orodha ya unga hawezi kulipwa kwa kazi, taratibu hizo ziliandikwa na watu na watu wanaweza kuzibadili. Wamebadili nyingine nyingi wakati zilipowasumbua wao. Kwa familia zenye arusi: mlipeni mpiga besi kabla ya keki kukatwa. Kwa wanamuziki: andikisheni nyimbo zenu, tieni saini ninyi kwa ninyi kabla ya kutia na wengine, na msikubaliane bei kila mtu kivyake kwa simu, kwa sababu ofisi moja ikimpata mmoja wa dola 5 itawaonyesha wote kwamba bei ni dola 5.

Na kwa mama na baba walio kambini, wanaonisikiliza jioni kwa redio ya mkono: akija mtu na kamera akitaka watoto wenu waimbe na kucheza mbele yake, mna haki ya kuuliza picha inakwenda wapi, na nani ataiona, na kwa nini. Kuuliza hakumfukuzi mgeni mwenye nia njema.

BUTU itafuteni. Ikiwa mna jirani mwenye mega, mwombeni awapigie Motoki, na ile nyingine, Bazo Banga, yaani wanaogopa. Haitawapendeza wote, papa mmoja wa mtaani kwetu alisikia dakika moja akauliza kama jenereta imeharibika. Mimi napenda jinsi sauti ile isivyoomba ruhusa.

Wiki iliyopita ofisi moja, si ile ya kipindupindu, ilinipigia nimtafute mtu wa kutunga wimbo juu ya chanjo ya watoto, "hata yule wa gitaa la nyuzi nne, itapendeza kwenye video." Nilimwuliza yeye mwenyewe bei. Alifikiri kidogo, akaongea na mke wake, akanipa: dola 150, nusu kabla ya kurekodi, jina lake liandikwe kwenye video, na wasichana wa kuitikia walipwe kwa mkono wao wenyewe. Akaongeza nyuzi mbili, ya tano na ya sita. Nimewatumia ujumbe huo kama alivyousema. Leo ni siku ya nane.